Bustani Bila Daftari: Somo la Amani kwa Tarime na Serengeti

*Mimea iliyoletwa kupamba nyumba na kuzungushia mashamba inazidi kuyabana malisho ya Mara. Bustani ya kale ya Usambara, yenye umri wa zaidi ya miaka 120, inaonyesha lini mgeni huponya na lini huharibu.*

Ukitoka Tarime mjini kwa barabara ya Nyamwaga na Nyamongo kuelekea Mugumu, angalia kingo za barabara na mashamba yaliyoachwa yapumzike. Utaona kichaka kirefu kuliko mtu, majani yake yakiwa na umbo la kichwa cha mshale na mishipa mitatu inayoachana tangu kwenye kikonyo. Kikichanua, hujaa maua madogo meupe yenye rangi ya zambarau kwa mbali. Asiyekijua atadhani kimepandwa kwa makusudi.

Mfugaji hadanganyiki. Ng'ombe wake hupita pembeni bila kukigusa, na chini ya kichaka hicho hakuna nyasi. Fikicha jani lake utapata harufu kali. Wenyeji hukiita amachabongo, na wataalamu hukijua kwa jina la *Chromolaena odorata*. Asili yake ni Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina.

Safari ya kichaka hiki kuja kwenye nchi za joto za dunia ya kale ilipitia bustanini. Katika miaka ya 1840 kilikuwa tayari kimefikishwa kwenye bustani ya mimea ya Calcutta, India, kama pambo. Kutoka huko kilienea Asia, kisha Afrika Magharibi, na leo kimeota katika wilaya za Tarime na Serengeti, kwenye njia ya nyumbu.

Huo ndio msingi wa makala haya: bustani nzuri ya mtu mmoja inaweza kugeuka balaa la malisho ya watu wengi, na bustani hiyohiyo inaweza kulisha taifa. Kinachotofautisha mambo hayo mawili ni uangalizi. Bahati nzuri Tanzania inayo bustani inayothibitisha yote mawili.

Maua ya hoteli, mzigo wa pori

Mwaka 2017 mtafiti Arne Witt na wenzake walichapisha tathmini ya mimea ya kigeni katika mfumo ikolojia wa Serengeti na Maasai Mara. Waliorodhesha aina 245. Kati ya hizo, 212 zilikuwa zimeingizwa kwa makusudi ndani ya maeneo ya hifadhi na hoteli zake.

Aina 51 kati ya zilizoingizwa kwa makusudi zilikuwa zimeanza kuota na kuzaana zenyewe bila kupandwa. Aina 23 zilikuwa zinavamia pori, mbali na makazi ya watu.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya wageni hawa hawakuletwa na upepo wala maji. Waliletwa na mikono yetu, kwenye mifuko ya miche, ili wapambe njia ya mahema, wafiche tangi la maji au wazungushie bustani ya mboga.

> Kati ya aina 245 za mimea ya kigeni zilizoorodheshwa, 212 ziliingizwa kwa makusudi.

Watafiti hao walitaja sita zinazoweza kuleta madhara makubwa zaidi kwa msafara wa nyumbu: gugu karoti, mpungate wa aina ya *Opuntia stricta*, alizeti pori, lantana, amachabongo na mathenge.

Gugu karoti lilitokea maeneo yanayozunguka Ghuba ya Mexico, na hapa Tanzania liliripotiwa mara ya kwanza Arusha mwaka 2010. Huwasha ngozi, huwasumbua wenye pumu, na ng'ombe akilila maziwa yake huwa machungu. Mche mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000.

Mpungate nao umewatesa wafugaji wa Laikipia, Kenya. Ulipandwa huko enzi za ukoloni kama pambo na ua wa nyumba, kisha tembo na nyani wakala matunda yake na kusambaza mbegu. Miiba yake midogo hujeruhi midomo na utumbo wa mifugo.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ina ukubwa wa kilometa za mraba 14,763. Nyumbu wapatao milioni 1.3 wanaozunguka humo na kuvuka Mto Mara wanaishi kwa nyasi. Pori likigeuka vichaka visivyolika, uzio wala askari hawatawarudishia malisho hayo.

Bustani iliyotangulia

Kilometa zaidi ya 500 kusini mashariki mwa Mugumu, katika milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, iko bustani iliyopitia mambo haya karne nzima kabla yetu. Ni Amani.

Serikali ya Kijerumani ilianzisha hapo taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, kwenye miinuko ya meta 900 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya msitu wa mvua. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Mrithi wake, Albrecht Zimmermann, alikuwa amefanya kazi kwenye bustani maarufu ya Buitenzorg, kisiwani Java, na Amani ilijengwa kwa kuiga mfano huo.

Zilijengwa nyumba za mawe zenye vibaraza virefu, maabara na maktaba. Kuzunguka nyumba hizo, na kuteremka mabondeni hadi Sigi, ilipandwa miti kutoka kila pembe ya dunia ya joto: mikafuri ya Asia, mikwinini ya Andes, mikarafuu, midalasini, mikungumanga, michikichi, mianzi mikubwa, na mipira ya aina mbalimbali kutoka Brazil na Mexico.

Anayetembea Amani leo hupita kutoka msitu wa asili kuingia msitu wa kupandwa bila kujua mpaka uko wapi. Mwanzi mnene kuliko paja husimama karibu na mti wa asili wenye matako mapana ya mizizi. Iliki huota kivulini, na harufu ya kafuri hutoka kwenye jani lililokanyagwa.

Milima hiyo ina tunu zake yenyewe pia. Uko msambu, mti wenye tunda zito na mbegu zenye mafuta, unaopatikana kwenye milima yetu ya Tao la Mashariki tu. Jina lake la kisayansi, *Allanblackia stuhlmannii*, linamkumbuka Stuhlmann. Iko pia mimea midogo yenye majani manene na maua ya zambarau iliyong'ang'ania miamba yenye kivuli.

Mimea hiyo midogo ndiyo iliyopelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Tanga, mwaka 1892. Leo vizazi vyake vinauzwa vyunguni duniani kote, ilhali jamaa zake wa porini wamebaki kwenye mabaki ya msitu yanayopungua. Biashara ya mimea ilikwenda pande zote mbili.

Mgeni aliyeponya

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Amani inayo mifano.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokata njia za meli, maabara ya Amani ilitengeneza kwinini kutoka kwenye magome ya mikwinini iliyopandwa hapo. Mti wa Andes ukawa tiba ya malaria katika vita vya Afrika Mashariki.

Mfano mkubwa zaidi umo kwenye sufuria za Mara. Baada ya Waingereza kuchukua nchi, Amani ikawa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 mtaalamu H. H. Storey na wenzake walikabiliana hapo na magonjwa mawili ya muhogo: batobato na michirizi ya kahawia.

Walitafuta kinga kwa jamaa za muhogo. Mmoja wao ulikuwa mti wa mpira wa Ceará, *Manihot glaziovii*, ambao Wajerumani walikuwa wameupanda kwa ajili ya biashara iliyoanguka mwaka 1913. Zao lililomfilisi mwenye shamba likawa na damu ya kumwokoa mkulima. Waliuchanganya na muhogo, kisha wakaurudisha uzao huo kwa muhogo tena na tena hadi mizizi minene ikarudi na kinga ikabaki.

> Mti wa mpira ulioshindwa sokoni ndio uliotoa kinga ya batobato kwa muhogo.

Uzao wa Amani ulipelekwa Nigeria, ukawa msingi wa kazi ya kituo cha kimataifa cha kilimo cha joto kilichoanzishwa Ibadan mwaka 1967. Batobato kali lilipolipuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuzunguka Ziwa Victoria hadi kwetu, mbegu zenye asili hiyo zilirudi Afrika Mashariki kuwanusuru wakulima.

Muhogo wenyewe ulitoka Amerika Kusini. Mahindi pia. Anayetaka kufukuza kila mmea wa kigeni Tarime na Serengeti ajiandae kulala njaa. Swali la kumuuliza mmea si ulitoka wapi. Swali ni je, unakaa ulipowekwa?

Mgeni aliyekataa kukaa

Mhesi haukukaa. Mti huu, *Maesopsis eminii*, ni wa Afrika yetu hii. Kwao ni Uganda, Kagera na kuendelea hadi Afrika Magharibi. Jina lake linamkumbuka Emin Pasha, ambaye Stuhlmann alisafiri naye kanda ya Ziwa kabla ya kwenda Amani.

Ulipandwa Amani mwaka 1913 hivi. Hukua haraka, hutoa mbao nyepesi na kuni, na hutengeneza kivuli upesi. Sifa hizo ndizo zilizoufanya upendwe, na ndizo zilizoufanya uvamie.

Hondohondo hula matunda yake na kuangusha mbegu mbali. Katika miaka ya 1970 na 1980 msitu wa Usambara Mashariki ulikatwa kwa mashine kwa ajili ya mbao, na kila pengo la jua likageuka kitalu cha mhesi. Wanasayansi waliofika miaka ya 1980 waliukuta umepenya ndani ya msitu wa asili. Ukataji huo ulikoma, na mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye hekta 8,380. Mhesi haukung'oka kwa tangazo.

Mhesi haukuwa peke yake. Wayne Dawson na wenzake walichunguza aina 214 za kigeni zilizosalia kutokana na upandaji wa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2008 walitoa ripoti kwamba 16 kati yake zilikuwa zimejieneza sana. Humo mna mpira wa Mexico. Msituni humo mna pia kichaka cha *Clidemia hirta*, kinachojaza sakafu ya msitu mahali ambapo miche ya miti ya asili ingeota.

Umuhimu wa daftari

Hesabu hizo zisingewezekana kama bustani ya Amani isingeandikwa. Mtaalamu wa mimea P. J. Greenway alifanya ukaguzi wa mimea yote ya asili na ya kigeni iliyokuwa hapo mwaka 1934. Mwaka 1937 alitoa pia kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Kwa sababu ya kumbukumbu kama hizo, watafiti waliokuja miaka 70 baadaye walijua kipi kilipandwa, wapi, na kwa wingi gani.

Waligundua jambo la maana kwetu: aina iliyopandwa mahali pengi ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuota yenyewe nje ya shamba lake. Kila nyumba ya wageni inayochukua mche uleule kutoka kitalu kilekile inaongeza nafasi hiyo.

Hapo ndipo Amani inapotuzidi. Ilikosea kwa kutofuatilia miti yake baada ya kuipanda, lakini iliandika. Kwenye bustani zinazoota haraka kando ya Serengeti, shuleni, kwenye taasisi za dini na mbele ya nyumba zetu, hata kuandika hatuandiki.

Hoja za pande zote

Anayepanda ana hoja, na zisikilizwe. Mgeni anayelipa fedha nyingi kulala Serengeti anapenda kivuli na maua. Mkulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi anahitaji ua unaozuia mifugo. Alizeti pori, kwa mfano, hutumika kama ua, na utafiti wa Kenya Magharibi umeonyesha majani yake ni mbolea nzuri ya kijani.

Amachabongo nayo ina watetezi. Katika nchi nyingi za Afrika na Asia majani yake hupondwa na kuwekwa kwenye kidonda kuzuia damu, na Afrika Magharibi wapo wakulima wanaoithamini kwa kurudisha rutuba ya shamba lililopumzika.

Lakini hasara yake humwangukia mtu mwingine. Mwenye bustani hupata pambo, na mwenye ng'ombe hupoteza malisho. Amachabongo huua nyasi chini yake, huwa sumu kwa mifugo ikiliwa, na mafuta yaliyomo majanini huufanya moto wa nyika uwe mkali. Baada ya moto huchipua upya kutoka kwenye shina la chini, wakati miti michanga ya asili imeungua.

Kwa Wakurya, Wangoreme, Waikoma na majirani zao, ng'ombe ni akiba, mahari na heshima. Malisho yakipungua, mifugo husogezwa kuelekea mpaka wa hifadhi, na ugomvi wa zamani kati ya wafugaji na wahifadhi hupata kuni mpya. Kichaka kisicho na mwenyewe kinakuwa chanzo cha kesi.

> Mwenye bustani hupata pambo, mwenye ng'ombe hupoteza malisho.

Mjadala mwingine unahusu silaha. Kung'oa kwa mikono kunafaa eneo dogo, ila kunachosha na hurudiwa kila mwaka. Dawa ya magugu ni ghali na inatisha karibu na mto ambao watu na wanyama hunywa maji yake. Njia ya tatu ni wadudu wanaokula mmea huo kwao.

Wapo wanaoogopa kuleta mgeni mwingine wa kumfukuza mgeni wa kwanza, na hofu hiyo si ya kipuuzi kwa nchi iliyouona mhesi. Jibu lake ni majaribio ya kuthibitisha kwamba mdudu hali mmea mwingine, yakifanywa kwa miaka kabla ya kuachiliwa. Kwa utaratibu huo, inzi anayevimbisha mashina ya amachabongo ameipunguza sana huko Papua New Guinea, nondo anayekula majani yake ameibana huko Ghana, na mdudu wa mpungate aliachiwa Laikipia mwaka 2014.

Mbinu hizo zinahitaji kibali cha serikali na ushirikiano na Kenya, kwa sababu Mto Mara huchukua mbegu bila kuuliza pasipoti. Haimfai mtu kukaa akisubiri wadudu hao huku kichaka kinachanua mlangoni kwake.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Sheria si tatizo la kwanza. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, mamlaka ya afya ya mimea iliyoundwa mwaka 2020, na mkakati wa taifa wa kudhibiti viumbe vamizi wa 2019 hadi 2029. Kinachokosekana ni kazi ya chini, kwenye kitongoji.

Kwanza, orodha. Kila hoteli na kambi ya watalii, kila shule na kila kitalu cha miche katika wilaya hizi mbili iandike ilichopanda, ilikokitoa na mwaka. Maofisa ugani waikague orodha hiyo na kuweka alama kwenye aina zile sita.

Pili, kung'oa mapema. Amachabongo ing'olewe na shina lake la chini kabla ya kuchanua, kwa kuanzia kwenye vichaka vya pembeni kwenda katikati. Ikishatoa mbegu isiburutwe barabarani. Gugu karoti ling'olewe kwa glavu na pua ikiwa imefunikwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni wa vichaka.

Tatu, njia za mbegu. Greda na malori ya ujenzi wa barabara, magari ya mnadani na ya watalii hubeba mbegu kwenye matope. Kuoshwa kabla ya kuingia eneo safi kuwekwe kwenye mikataba ya kazi, na wanaosimamia minada wafagie na kukagua viwanja.

Nne, mapambo ya kwetu. Mwegea, mkuyu, migunga, kibobakasi chenye maua mekundu na mishubiri vyote vinapendeza na ni vya Afrika Mashariki. Kwa ua, minyaa imezungushia maboma ya kanda hii vizazi na vizazi. Mtalii hakusafiri kutoka Ulaya kuja kuangalia ua la Mexico.

Tano, wazee. Huku Tarime uamuzi uliopita kwenye iritongo, baraza la mila, una uzito ambao bango la halmashauri halina. Wazee wa mila wakitamka kwamba kuacha amachabongo ichanue shambani ni kumdhuru jirani, sheria ndogo za vijiji zitapata miguu.

Wapandaji wa Amani hawakuwa na mfano wa kuwaonya juu ya mhesi. Sisi tunao, pamoja na majina ya mimea sita na takwimu za watafiti. Halmashauri za Tarime na Serengeti zinaweza kuianza orodha hiyo msimu huu, kwa kalamu, daftari na maofisa walio tayari kwenye ajira. Zikichelewa, gharama haitakuwa ya daftari tena. Itakuwa ya malisho, na atakayelipa ni mfugaji ambaye hakupanda hata ua moja.